Kopo la Dada Koku

Wiki iliyopita nilifika kwa mama, kijijini Kanoni, nikakuta kopo dogo linaelea kwenye beseni la maji jikoni. Wivu ukanipanda hata kabla sijamwambia shikamoo.

Ujuzi huo wa kupima muda kwa kopo aliuleta dada Koku alasiri moja ya utoto wetu, shule zimefungwa na uwanja wetu wote unanukia kahawa iliyoanikwa. Alitoboa kopo kwa msumari, akaliweka juu ya maji, likajaa taratibu mpaka likazama.

"Mtawa anayetufundisha hesabu ametoka India," alisema. "Wataalamu wao wa kale walipima hivi mwendo wa nyota na sayari. Saa zao walianza kuzihesabu jua likichomoza."

"Kumbe kama sisi!" mama alishangaa.

Mimi ndiye niliyezoea kumwambia mama kwamba ndizi zimeiva, kwa kunusa majani ya mgomba yaliyofunika sufuria. Siku hiyo hakuniuliza, alilitazama kopo. Nikaamini nyota zote zimekuwa za Koku, na kwamba zitashuka kunywa maji kwenye beseni letu. Sasa najua kwamba wale wataalamu walihesabu tu mara ambazo bakuli lenye tundu lilizama, wakapiga hesabu mpaka wakajua sayari itakuwa wapi miezi ijayo. Kujua hakujanisaidia kitu.

"Mama, na ile saa ya ukutani niliyokuletea?" nilimuuliza wiki iliyopita, baada ya shikamoo.

"Nzuri mno, mwanangu," alijibu, macho yake kwenye beseni. "Nimeifungia sandukuni isipate moshi. Namtunzia Koku."