Kiganja cha Mchanga Mweusi

Ukimkuta Fortunée kwa mara ya kwanza sokoni Chilinde, ameketi nyuma ya rundo lake la vitenge, jicho lako halitatua kwenye mabega yake mapana wala shingo yake iliyokaza kama mzizi. Litatua kwenye paji la uso. Hapo pana mstari unaong'aa, upana wa vidole vitatu, toka sikio hadi sikio, ambako nywele zimekataa kuota. Wateja wa Lilongwe hudhani ni ugonjwa. Mtu wa Bukavu haulizi: ile ni njia ya kamba.

Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, wako wanawake wanaobeba mizigo mgongoni, imeshikwa na kamba pana inayopita kwenye paji la uso. Mama yake, Marguerite, aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, akipandisha mkaa na mihogo kutoka ziwani hadi mjini pamoja na rafiki yake Vénérande. Siku moja Vénérande alifia kwenye mteremko, mzigo ukiwa bado mgongoni. Marguerite ndiye aliyemvua kamba, na kamba hiyo ndiyo aliyokuja nayo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, Malawi, mwaka 2008.

Miaka minne baadaye miguu ya Marguerite ilipooza. Noeli ya 2013 Fortunée alimpakia kwenye toroli ampeleke kanisani, juu kilimani. Watoto wakawafuata wakiimba, "Gunia! Gunia!" Marguerite akaomba arudishwe.

"Mi nimebeba mizigo maisha yangu yote," alisema, akiutazama ukuta. "Siwezi kukuwa muzigo ya toroli. Siku utanibeba ku mugongo, nitatoka. Kama haiko vile, mutanitoa mu sanduku."

Hakuvuka tena kizingiti, na mwezi hadi mwezi sauti yake ikazidi kufifia. Kituo cha afya kilikuwa kimeandika uzito wake: kilo hamsini na nane. Fortunée wakati huo hakuweza kupandisha hata thelathini.

Basi akajaza gunia mchanga mwekundu wa Dzaleka, kilo ishirini, akajifunga kamba ya Vénérande, akaanza kupanda kilima kila alfajiri kabla ya minibasi ya mjini. Mama alifundisha akiwa kitandani.

"Kila juma, kiganja moja ya muchanga. Moja tu! Na siku ya tatu unapumzika."

"Mama, vile itakamata miaka mbili!"

"Na we unakimbia wapi? Mwili haipende kushitushwa. Nguvu inajengwa wakati umelala, haiko wakati unabeba."

Fortunée hakuwa na subira hiyo. Fabrice, kijana wa nyumba ya pili aliyenyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji ili kujenga misuli, alimwona siku moja akipima kiganja chake, akaangua kicheko.

"Yaya Fortunée, dada yangu, unatia chumvi mu mboga ao unatafuta nguvu? Ongeza kilo kumi!"

"Na we makopo yako imekupa nini? Mikono ya ng'ombe, miguu ya kuku!"

Alimtania, lakini alimsikiliza. Aliongeza kilo kumi. Siku ya tatu shingo yake ikalia kama kijiti kinachovunjwa, akalala chali majuma matatu.

Aliporudi kwenye gunia, lilikuwa jepesi. Alilipeleka kwa Sindayigaya, muuza mahindi mwenye mizani. Zile kilo kumi hazikuwamo. Mshono ulikuwa mzima. Sakafuni hapakuwa na hata chembe. Alirudi akamweleza mama.

"Vénérande njo yeye alikuwa anafanya vile," mama alisema. "Akiona umechoka, anatoa ku muzigo yako, anaweka ku yake. Hata hakuambie."

Kuanzia hapo Fortunée hakuongeza tena mchanga kwa mkono wake. Kila Jumatatu gunia lilikuwa limezidi kwa kiganja kimoja, si zaidi. Juma alilougua malaria, gunia halikuzidi kitu. Siku moja ya mapumziko alijaribu kulibeba kwa siri, likagoma sakafuni. Fabrice aliitwa, akalivuta mpaka mishipa ikamtoka, kisha akaondoka bila neno la mzaha. Fortunée alifungua mshono. Juu ya mchanga mwekundu palikuwa na mwingine, mweusi, umelowa, unanuka ziwa. Dzaleka haina ziwa.

Asubuhi moja ya Februari 2016, baada ya mvua, aligeuka kileleni akaziona nyayo zake kwenye matope. Kando yake zilikuwapo nyingine, za miguu peku, zimezama vidoleni kama za mtu aliyeinama chini ya mzigo. Zilipanda. Hazikushuka. Alitamani kukimbia, ila aliyefungwa kamba kichwani hakimbii. Alishuka hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa.

"Unaogopa?" mama aliuliza baada ya kusimuliwa.

"Ndiyo, mama."

"Mi pia. Lakini alikuambia uache?"

"Hapana."

"Basi."

Ijumaa Kuu mshale wa mizani ya Sindayigaya ulisimama kwenye hamsini na nane.

"We dada," alisema Sindayigaya, "ukichoka na vitenge, kuja unibebee mahindi!"

Jumamosi mama alitoa amri moja tu: "Leo hubebe kitu. Hata ndoo." Kwa hiyo maji aliyaleta Fabrice, akayatua nje ya kizingiti.

"Ingia, kijana," Marguerite alimwita.

"Zikomo, asante mama. Mi niko muzuri hapa hapa."

Saa kumi jioni Marguerite alikuwa tayari ameoga, amevaa kitenge kipya, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kanisa ni kesho."

"Najua. Niache nivae." Alishika mkono wa bintiye, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili sauti yake ilijaa chumba. "Kesho ku mulima, ukisikia nimekuwa mwepesi, usigeuke. Panda tu."

Kamba, iliyokwisha kupakwa mafuta, ilining'inia msumarini. Mlango ulikuwa umefungwa, hapakuwa na upepo, nayo ilikuwa ikiyumba taratibu. Kengele ya kwanza ya Pasaka ilikuwa ilie saa moja asubuhi.