Bakuli Lililorudi Tupu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo nyumba yetu pale Mbuchi haikuwa na bakuli hata moja. Wali ulikuwa umeiva, mchuzi wa samaki umeiva, na mume wangu amekaa mkekani akisubiri. Mama mkwe wangu alipapasa kichanja cha vyombo toka mwanzo hadi mwisho, akabaki ameshika mwiko.

"Leo tutakula kwenye viganja," akasema, "kama watu waliookolewa majini."

Mimi nilikuwa bado mke mgeni pale nyumbani. Vita ambavyo watu walivipa jina la maji vilikuwa vimewaka milimani, kusini kwetu. Kwetu kwenye mito na mikoko hatukusikia bunduki. Tulichokiona ni watu. Walishuka kwa miguu, wamebeba watoto na mikeka, kwa sababu askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanachoma vihenge vya nafaka ili waliopigana wakose chakula, na moto hauulizi nani alipigana na nani hakupigana.

Miongoni mwao alikuwa Somoe, Mmatumbi, mwanamke wa rika langu, pamoja na binti yake mdogo, Zena. Mumewe alikuwa amekwenda vitani na habari zake hazikujulikana. Tuliwapa dungu letu wakae. Dungu ni kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambamo tunakaa msimu wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Kila jioni mama mkwe alipakua chakula bakulini, akakifunika kwa kawa, nami nikakipeleka. Chakula kilikwenda, lakini mabakuli hayakurudi.

Hapa nieleze desturi moja, maana usipoijua hutaelewa yaliyofuata. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akikuletea mchuzi, bakuli lake utalirudisha na mayai mawili, au ndizi, au chumvi kidogo, hata fungu la mchicha. Msichana anafundishwa hivyo kabla hajajua kupika. Ni desturi nzuri, nami sitaki uiache. Ila ilitungwa na watu ambao wote wana kitu jikoni.

Basi nikatumwa nikayafuate mabakuli. Nilipanda ngazi ya dungu, nikayakuta yote yamepangwa juu ya jamvi, yameoshwa, yanang'aa, kila moja limefunikwa. Somoe alikuwa amekaa kando yake kama mtu anayelinda amana.

"Dada, yatakuja," akaniwahi kabla sijasema kitu.

"Lini?"

"Nikipata cha kutia."

"Basi jioni nikuletee chakula kwenye nini?"

"Msilete. Sisi tumeshakula."

Nilitazama pembeni, pale alipokuwa amewasha moto juu ya tabaka la udongo. Palikuwa na chungu kinachemka. Zena alikuwa amechuchumaa mbele yake, kifuu mkononi, macho hayabanduki kwenye mvuke. Nikafunua. Ndani mlikuwa na ndiga.

Labda wewe huijui ndiga. Ni kiazi cha porini ambacho watu wetu hukichimba wakati wa njaa. Kina sumu. Lazima kikatwe vipande vyembamba na kulowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayotembea, mpaka ukali wote uondoke. Kikiharakishwa, kinaua.

"Umeziloweka tangu lini?"

Somoe hakunitazama. "Tangu jana."

"Jana! Na mtoto huyu ameshaonja?"

"Bado. Nilitaka nianze mimi."

Nilikiteremsha chungu, nikakiweka nyuma yangu, kisha nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mama! Mama, njoo dunguni!"

Mama mkwe alikuja upesi, mwiko bado mkononi. Miguu yake haikuweza tena kupanda ngazi, kwa hiyo alisimama chini matopeni, nami nikamweleza nikiwa juu: mabakuli haya hapa, ndiga hii hapa, na mwenyewe anakataa chakula kwa sababu hana cha kurudisha. Nilidhani atalia au atamfokea Somoe. Aliinua mwiko ule juu, akaunyoosha.

"Mtani! Wewe mwizi wa mlimani! Mmewakimbia Wadachi, au mmekuja kutumalizia vyombo?"

Watu wa milima ile ni watani wetu, mwanangu. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini tangu vita vianze hakuna aliyekuwa na moyo wa kutania, wala wao wala sisi. Somoe alishtuka, akachungulia chini.

"Mama, nitarudishaje chombo kitupu? Na mimi nimelelewa."

"Hicho kitupu ndicho ninachokitaka! Ukikijaza, mimi nitatilia wapi?"

Somoe alilishika bakuli la karibu, hakuliachia.

"Mwanangu anangojea wali tangu alfajiri," mama mkwe akaendelea. "Utanifanya nimlishe kwa mwiko kama kifaranga. Lete mabakuli yangu."

"Lakini sina kitu, mama. Wallahi sina kitu."

"Huna kitu? Mmatumbi mzima, huna hata tusi?"

Zena alimtazama mama yake. Kisha nikaona pembe ya mdomo wa Somoe inacheza, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu walipofika.

"Samaki wako," akasema polepole, "wana matope kuliko miguu yako."

Mama mkwe alitazama miguu yake, iliyozama matopeni mpaka vifundoni, akacheka mpaka akaishika nguzo ya dungu. "Haya!" akasema. "Hilo limejaa. Mkwe, teremsha bakuli la kwanza."

Somoe alicheka na kulia kwa pamoja. Zile ndiga tulizirudisha mtoni, na zilipolowekwa vya kutosha tukazipika na kuzila wote. Mama mkwe alidai fungu lake kwa sauti kubwa, akaongezewa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Zena alikuja mlangoni na bakuli tupu kichwani. Alilitua, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani, akatoa alichotumwa. "Mama anasema wali wa jana ulikuwa na mawe mengi, labda mnataka kujenga." Siku nyingine: "Mama anasema mchuzi wenu ni mwepesi, ameutumia kunawia." Mume wangu akaacha kuondoka mapema kwenda kuvua. Alikuwa anangojea tusi. Vita vilikuwa vinaendelea, habari mbaya zilikuwa zinafika, lakini nyumba yetu ilianza siku kwa kicheko, na kicheko hicho kililetwa na mtu aliyeamini kwamba hana cha kutoa.

Vita vilipokwisha Somoe alipata habari kwamba mumewe yu hai, akarudi milimani na mbegu ya mpunga ndani ya kitambaa. Nilipopanga vyombo niliona bakuli moja limepungua, nikamwambia mama mkwe.

"Liache huko," akasema. "Likirudi, tutakuwa tumemalizana."

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, siku ya msiba wake. Waombolezaji wamejaa uani, wanawake wanalia, mara akaingia mwanamke mwenye mvi, amebeba bakuli kichwani. Nililitambua kabla ya kumtambua mwenyewe. Somoe alipita katikati ya waliaji, akakaa jikoni, akalibamiza bakuli chini.

"Nimekuja kutiliwa! Au aliyekuwa na mkono wa kutoa amekufa, wamebaki wachoyo?"

Ua mzima uliangua kicheko, machozi bado mashavuni. Nilimpakulia kwa mkono wangu, nikashindilia wali mpaka ukafanya kilima. Alikula, akautukana upishi wangu tonge kwa tonge, akaondoka na bakuli lake tupu. Sikumdai.

Kusoma nilijifunza ukubwani, bila mwalimu, kwa kulinganisha herufi moja moja. Siku moja katika gazeti nilikuta makala kuhusu wenye hekima wa Uchina ya kale, wanaofuata kile wanachokiita Tao, yaani Njia. Kwa jinsi nilivyoelewa, wao hufundisha kwamba chombo kinatufaa kwa sababu ya ule uwazi ulio ndani yake. Hufundisha pia kwamba maji hunufaisha kila kitu na bado hukubali kukaa mahali pa chini, na kwamba anayetoa bila kushikilia haishiwi. Mimi ni Mwislamu na dini yangu inanitosha. Lakini nililiweka gazeti chini nikacheka, kwa kuwa nilimwona mama mkwe wangu palepale, chini ya ngazi, matopeni, mwiko mkononi.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitoa, usimfanye mpokeaji aogope kukuona tena. Simama chini yake kidogo, umtafutie kitu ambacho yeye anacho, ukiombe, na ukifurahie kwa kweli. Na ukiwa wewe ndiye huna, usilifiche bakuli la watu ukafa kwa adabu. Lirudishe tupu, maana bila uwazi huo hakuna atakayeweza kukupa, wala wewe hutajua jinsi watu walivyo wema. Usiwe na haraka ya kumalizana na jirani. Wanaomalizana hawana tena sababu ya kupita mlangoni.

Mwenyezi Mungu akupe mkono usiochoka kupakua na uso usioona haya kupokea. Na kila kukicha, mlangoni pako, asimame mtoto wa mtu na bakuli tupu na tusi zuri.