Barua za Wendover Zimeazimwa

Thirza Colby alizaliwa kwenye shamba la matufaha nyuma ya mji wetu, huku Massachusetts, na hajawahi kuhama. Alivaa mabuti ya marehemu baba yake, iwe theluji iwe jua. Miaka mingi aliitunza maktaba ya mji, mimi nikifagia sakafu, kwa hiyo haya niliyaona.

Ndani ya maktaba kulikuwa na barua za Josiah Wendover, mwandishi wa insha aliyeishi hapa zamani za farasi. Aliwaandikia majirani zake: fundi viatu, mjane, mwenye kinu. Mara nyingi aliwagombeza. Wajukuu wao walizileta maktabani, na Thirza alimruhusu yeyote kuzisoma. "Nawa mikono, kaa," ndiyo sheria yake pekee.

Paa lilipoanza kuvuja, halmashauri ya maktaba ikaamua barua zihamishiwe chuo kimoja Boston. Mwenyekiti, Lyman Prentiss, akaja kumwambia.

"Bi Thirza, huko zitakaa kwenye chumba kikavu, salama."

"Nani atazisoma?"

"Wataalamu."

"Na Enoch mfuga ng'ombe?"

"Akiomba kwa maandishi, akikubaliwa..."

"Enoch hakuomba ruhusa hata ya kuoa! Ziba paa, Lyman."

"Uamuzi umepita. Gari linakuja Jumatatu."

Thirza akarudi kupanga vitabu, nikadhani amesalimu amri. Kesho yake akashika simu, akaanza kuwaita wajukuu wa wale majirani. Wakaja na matope yao miguuni. Kila mmoja alipewa barua aliyoandikiwa mtu wa ukoo wake, ikiwa ndani ya bahasha ngumu iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha, kama kitabu chochote.

Enoch alisoma yake palepale, akacheka mpaka akakohoa. "Anasema babu yangu mvivu kuliko maksai wake!"

"Alikosea?" Thirza akamuuliza.

"Wapi! Na mimi angeniona je?"

Jumatatu gari likafika. Prentiss akafungua sanduku la kwanza la barua, la pili, la tatu. Yote matupu.

"Barua ziko wapi?"

"Zimeazimwa."

"Zote?"

"Hii maktaba, Lyman. Ulitaka niwafukuze wasomaji?"

"Zitarudi lini?"

"Muda wao ukiisha. Anayetaka kuongezewa ataongezewa. Sheria hiyo mliitunga nyinyi."

Dereva aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Prentiss akawa mwekundu.

"Basi kazi huna! Kuanzia sasa hivi!"

Thirza akavua funguo shingoni, akaziweka mezani bila haraka. Akazunguka meza, akasimama upande wa wasomaji. Mkononi alikuwa na bahasha moja, barua aliyoandikiwa mama wa bibi yake.

"Mimi sasa ni msomaji," akasema. "Naazima hii."

Akanisogezea muhuri. Prentiss akanitazama, nami nikatazama sakafu, kisha nikagonga.

Thirza akaitia bahasha ndani ya koti, akatoka na mabuti yake. Gari likarudi Boston na masanduku matupu.