Mnada Nje, Eda Ndani

Mume wangu alipofariki, nyumba yetu ya Ukunda ilikuwa rehani benki. Sitasema tulidanganywa. Tulikopa pamoja, nikatia sahihi kwa mkono wangu, tukajenga vyumba vya kupangisha uani. Wapangaji wetu walikuwa wafanyakazi wa hoteli za Diani na Galu. Wageni walipoacha kuja, hoteli ziliwarudisha watu makwao, vyumba vikabaki vitupu. Benki haikutaka kusikia habari ya vyumba vitupu.

Nilikuwa katikati ya eda madalali walipotangaza mnada. Mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wa kando. Wa kunisemea alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nilimwomba aende kwa wakili tuombe muda. Akaniambia nisijisumbue: mtu wa pwani hanunui nyumba yenye mjane wa eda ndani, ni aibu, na mtu wa bara akisikia ataogopa. Nikaamini. Ukoo mzima uliamini.

Mnada ulifanyika uwanjani petu. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia nyumba yangu ikitajiwa bei. Watu walikuwa wachache, fedha zimekuwa ngumu. Dalali akawachokoza: "Jamani, hata zizi la mbuzi Kinango lina bei kuliko hii!" Wakacheka. Mimi nimefiwa, nimo ndani, na wao wanacheka.

Kisha sauti moja ikataja bei ya chini, bei ya kutupa, na hakuna aliyeongeza. Sauti hiyo niliijua. Ilikuwa ya jirani yetu, aliyelibeba jeneza la mume wangu, akasoma Yasini kwenye hitima, akala pilau yetu. Hakuiba. Alinunua kwa sheria, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kwa sababu sina pa kumshitaki.

Watu walipotawanyika, shemeji alikuja penye pazia. Akanieleza kwamba jirani ni muungwana sana, ameniruhusu nimalize eda humu humu, hana haraka. Yuko barazani, anangoja nimshukuru.

"Shemeji, sema neno moja tu, mtu asiondoke na kinyongo," akanisihi.

Nilipaza sauti ifike barazani. "Eda nimepewa na Mungu. Yeye amenipa nini?"

Nilisikia viatu vya jirani vikishuka ngazini. Shemeji alinilaumu mpaka adhuhuri, kwamba nimemvunjia heshima mtu mwema.

Wiki iliyofuata yule asiye na haraka alileta mafundi. Walianza kubomoa vyumba vya uani, nami ningali ndani. Vumbi likaingia mpaka kwenye mswala wangu. Sikuhama. Kila walipoanza kugonga, nami nilianza kumsomea marehemu Yasini, kwa sauti, dirisha likiwa wazi, mpaka nyundo zikasita.