Wito Mmoja kwa Hūria

Saa moja asubuhi, mvuke bado umelala juu ya mapaa ya kijiji nje kidogo ya Rotorua, mji wa chemchemi za moto. Pirihira Tawhai anazamisha kikapu cha mahindi kwenye chemchemi inayotokota nyuma ya nyumba yake. Watalii huanza kuingia saa tatu, lakini mwanamume mmoja tayari amesimama darajani, begi mgongoni.

"Umewahi, kaka! Hata matope yetu ya moto hayajaamka," Pirihira anamtania.

"Nimesafiri usiku kucha kutoka Sydney," mgeni anajibu. "Naitwa Rewi. Mama yangu, Hūria, alizaliwa hapa."

Pirihira na Hūria walikuwa wakioga pamoja kwenye mabwawa haya ya moto wakiwa watoto. Hūria aliondoka akiwa binti, hakurudi tena. Alizikwa Sydney mwaka jana.

Pirihira, mwenye miaka 61, amewaongoza wageni hapa tangu usichana wake, kama mama yake. Hulipwa kwa siku; asipoongoza, halipwi. Siku hizi anaongoza kwa sauti ya chini. Daktari amemkataza kabisa kupaza sauti hadi afanyiwe upasuaji wa koo; akikaidi, huenda sauti isirudi.

"Desemba mjukuu wangu anamleta mwanawe nyumbani kwa mara ya kwanza," anamwambia Rewi. "Nataka mimi mwenyewe nimwite kitukuu changu kwa wito wetu wa makaribisho. Hilo tu."

Rewi anazunguka na watalii wengine. Anatazama maji ya moto yakiruka kutoka ardhini juu kuliko misonobari, matope ya kijivu yakichemka kama uji. Anakula mahindi yaliyoiva kwenye chemchemi, siagi ikimtiririka kidevuni.

Mbele ya nyumba ya ukoo, yenye nguzo zilizochongwa sura za wahenga, watalii wanapiga picha kutoka nje ya uzio. Rewi anasimama langoni.

"Naweza kuingia?"

"Hapa hakuna anayejiingiza, mwanangu. Hata wa nyumbani, akija mara ya kwanza lazima mwanamke wa ukoo amwite kwa sauti kuu. Na ukiitwa, marehemu wako naye anaitwa," Pirihira anasema.

"Basi mimi na mama tutaishia hapa langoni," Rewi anasema, akitabasamu kwa shida. "Jioni hii naondoka."

"Mpwa wangu Kahurangi ndiye anayeita siku hizi. Yuko mjini Taupo, atarudi saa kumi. Hutaondoka bila kuitwa. Nakuahidi."

Saa kumi inafika, simu inalia. Basi la Kahurangi limeharibika njiani. "Nitamwita mgeni mwenyewe," Pirihira anamwambia.

"Shangazi, usithubutu! Daktari alisemaje?"

"Alisema nisipaze sauti. Hakusema nivunje ahadi."

"Na yule mtoto wa Desemba?"

Pirihira anatazama langoni. Rewi ametoa begini picha ya mama yake na kuikumbatia kifuani, uso wa mama ukielekea nyumba ya ukoo.

"Desemba wewe utaniitia," anasema polepole. "Anza kuuandaa wito wake leo."

"Shangazi…"

Pirihira anakata simu. Anajifunga kitambaa cheusi kichwani, anachuma tawi bichi kwa heshima ya marehemu, anasimama kwenye baraza ya nyumba ya ukoo.

Wito unaanza chini, kisha unapanda juu ya mvuke. Majirani wanatoka milangoni na kusimama wima. Anafika kwenye jina la Hūria, na sauti inakatika katikati.

Pirihira anashika koo lake. Anavuta pumzi, analirudia jina lile, safari hii lote.

Rewi anavuka lango.