Valérie na Wazee wa Timu ya Kijani

Ukiingia saluni moja ya Warwick Junction, hapa Durban, Jumapili jioni, ukamkuta Valérie anasuka huku jicho moja liko kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta, usidhani anaangalia tamthilia. Anaangalia mpira. Na si mpira huu wetu wa miguu, ambao hata paka wa Warwick wanajua nani kafungwa jana. Ni mpira wa Kanada: wenyewe una umbo la papai, wachezaji wamevaa helmeti, na timu inapewa nafasi tatu tu za kusonga mbele, ikishindwa inawaachia wenzao. Durban nzima, ukimtoa yeye, sijui kama kuna mshabiki mwingine wa timu ya kijani ya mji wa Regina, huko Kanada. Ukimpata, nionyeshe.

Hakuanza kwa mapenzi, alianza kwa shida. Kaka yake Baudouin, mkimbizi kama yeye, alihamishiwa Regina miaka mingi iliyopita, akapata kazi ya kufagia majukwaa ya uwanja mechi zikiisha. Huko akazoeana na wazee watano wanaokaa safu moja tangu ujana wao, wakiongozwa na bibi mmoja aitwaye Doreen. Kule, raia watano wakitia saini kwamba watamtunza mkimbizi, serikali inaweza kumpokea. Wazee wale wakakubali kumdhamini Valérie, mumewe Ezéchiel na binti yao Ineza. Faili likapelekwa, likakaa, na mpaka leo limekaa.

Doreen ana desturi yake. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, anairudia mechi ya jana kwenye televisheni, ingawa matokeo anayajua na uwanjani alikuwepo. Akaanza kumpigia Valérie video ili waangalie pamoja. Kwa Durban huwa ni jioni. Valérie alilelewa Buyenzi, mtaani kwao kabla ya ukimbizi, na mama asiyetaka aibu, na alijua la kufanya. Ukimwomba mtu hisani kubwa, humzidishii mzigo kwa machozi yako. Unakaa naye, unacheka naye, unapenda anachokipenda. Basi akajifunza mpira. Doreen akimuuliza habari za Durban, anajibu nzuri, jua linawaka, kisha anauliza yule mchezaji aliyeumia goti anaendeleaje.

La kuchekesha ni kwamba uongo ulimnogea. Miaka ilivyokwenda akajikuta anaupenda mpira ule kweli. Kilichomshika zaidi ni pointi moja ya ajabu: ukipiga mpira kulenga goli ukakosa, na wapinzani wakashindwa kuutoa nyuma ya goli lao, unapewa pointi vilevile.

"Fikiria," alimwambia Ghislaine, Mkongomani anayesuka naye, "umekosa, lakini hawakurudishi mikono mitupu."

"Eish, Valé, weye uko mgonjwa," Ghislaine akamjibu. "Halafu angalia vizuri kwenye stade, kwenye viti. Iko bazee tu. Vijana iko wapi?"

Laiti asingeambiwa. Tangu siku ile Valérie alianza kuviona viti vitupu. Doreen naye alikuwa halali kwa mawazo. Wajukuu wa wenzake wanapenda basketi, au mpira wa Wamarekani. Wakubwa wa ligi, kwa kutafuta mashabiki wapya, wametangaza kwamba uwanja utafupishwa, magoli yatasogezwa nyuma, na ile pointi ya kukosa itabanwa. Wazee wakanuna kama watoto walionyang'anywa uji. Wilf, mmoja wa wale watano, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa Doreen, aliapa kwamba sheria hizo zikianza yeye haendi tena uwanjani. Hakuziona. Kabla msimu haujaisha moyo wake ulisimama.

Valérie alimlilia Wilf kwa dhati. Kisha akakumbuka kwamba wadhamini sasa ni wanne, akajichukia kwa kulikumbuka hilo mapema hivyo.

"Wanataka mtu wa tano," Doreen alimweleza. "Tusipompata, faili linafungwa, na siku hizi maombi mapya hayapokelewi. Lakini usijali. Watu wangu wa uwanjani nawajua."

Kuanzia hapo Valérie hakuangalia tena mpira, aliangalia majukwaa. Kamera ikipita juu ya mashabiki, alikuwa akichagua: mzee huyu mwenye kofia ana sura ya huruma, mama yule amekaa peke yake, labda. Viti vitupu vilimuuma kuliko timu kufungwa.

Na Durban haikuwa ikimsubiri. Kwenye kliniki walikuwa wamesimama watu mlangoni wakidai vitambulisho, asiyekuwa wa hapa anarudishwa. Ineza ana pumu. Ezéchiel, mlinzi wa kiwanda huko Pinetown, akisikia kuna maandamano ya kupinga wageni alishuka teksi, yaani daladala za huku, kabla ya kituo na kuzunguka kwa miguu. Hofu ilihamia nyumbani kwao ikakaa kama mpangaji. Hata neno moja la hayo Doreen hakuambiwa.

Jumapili moja bibi alipiga simu macho yamevimba. Kando yake alikaa msichana, kainamia simu yake.

"Huyu ni Paige, mjukuu wa Wilf. Ameniletea kofia ya babu yake," Doreen akasema. "Valérie, nimewauliza watu wote wa safu yetu. Wanasema wamezeeka, hawataki kujifunga. Na wakaniuliza huyu mama ni nani, ana shida gani. Nikakosa la kusema. Nikawaambia, anaipenda timu yetu. Wakasema, basi?"

Mikono ya Valérie ilisimama kichwani kwa mteja. Miaka yote ile alijiona muungwana, kumbe alikuwa akijifuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua: methali hiyo aliisikia tangu Buyenzi, akidhani inawahusu wagonjwa peke yao.

Akamwomba mteja radhi, akatoka na simu mpaka penye ukuta, kelele za teksi zilipopungua. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza sokoni, alisema. Alisema jinsi Ineza alivyobanwa na kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, akambeba mgongoni hadi kliniki, na mwanamke wa rika lake akamzuia mlangoni, akamwambia apeleke mtoto wake kwao. Alisema walivyorudi nyumbani, wakakaa usiku kucha wakimsikiliza akivuta pumzi.

"Kwa nini hukuniambia?" Doreen akauliza.

"Niliona aibu, Mama. Nilidhani nikikulilia utanichoka."

Doreen akachukua rimoti, akaizima mechi. Tangu waanze kuangalia pamoja hajawahi kuizima. "Mimi nakupigia hadithi za goti la mchezaji," akasema, "na wewe una mtoto hapumui."

Paige alikuwa ameshaweka simu chini. "Mimi mpira siupendi," akasema. "Sijawahi. Lakini haya nimeyaelewa. Alipoishia babu, nitatia saini mimi."

Valérie akauegemea ukuta. Bibi yule alikuwa amezunguka uwanja mzima akitafuta mshabiki, na mtu mwenyewe alikuwa kwenye kochi lake, hajui hata pointi zinahesabiwaje. Doreen akamkumbatia msichana, akambusu, akamvalisha ile kofia.

"Sasa kiti cha Wilf ni chako," akasema.

Paige akaivua kofia taratibu. "Kiti nimekirudisha kwa timu wakiuze, Doreen. Jana. Nisingekwenda, na mama naye haendi."

Doreen aliitazama televisheni iliyozimwa. Wenzake wawili walikuwa wameshasema kwamba mwakani hawaji, Valérie alilijua hilo. Asante yake akaiahirisha, akaona haya kufurahi mbele ya uso ule.

"Basi mimi nitakaa na nani?" bibi akauliza, na macho yake yalikuwa kwa Valérie.

Jibu la kumfurahisha alikuwa nalo. Angeweza kusema nakuja, Mama, tutakaa pamoja, na Doreen angelipokea kama alivyopokea yote. Lakini faili lilikuwa bado mezani kwa watu wasiojua haraka, na kule viti vilikuwa vikiisha upesi kuliko karatasi zinavyotembea.

"Sijui, Mama," akasema. "Labda nitafika wewe umeshaacha kwenda."

Doreen akaitikia kwa kichwa, na mechi hakuiwasha tena.