Vimpira Viwili kwenye Jino Moja

Nimeombwa mara tatu niandike habari hii, na mara tatu nimejibu kwamba sina mkono wa kuandika. Shule nilikaa miaka miwili tu, na mwaka wa pili nilikuwa mgonjwa zaidi ya kuwa darasani. Lakini yule muuguzi wa kliniki ya meno ana shingo ngumu kuliko yangu, na hilo si jambo dogo. Anasema wazazi wanaokaa kwenye benchi lake wanazitazama karatasi za ukutani kama picha, hawazisomi, eti habari ya mtu wataisoma. Haya. Miwani yangu imefungwa uzi, vidole vinaniuma, na hadithi hii nitaisema mara moja. Atakayenicheka kwa herufi, aandike ya kwake.

Mtu mwenyewe ni binti yangu, mwanangu wa tatu, fundi cherehani. Jina lake watu waliliacha zamani, wanamwita Fundi, hata mimi niliyemzaa. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Utepe wa kupimia hautoki shingoni. Pini huzishika kwa midomo, nne au tano, na huweza kukugombeza nazo bila hata moja kuanguka.

Ana kiburi kimoja, na sisemi alikitoa wapi. Hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu. Si kuchelewesha tu, yeye huwahisha. Nguo ya Jumamosi kwake huchukuliwa Ijumaa, imepigwa pasi, imening'inizwa. Wateja wake wamezoea hata hawashukuru tena.

Huyu Fundi ana mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mitatu, amempita mama yake kimo. Meno ya yule mtoto yaliota kwa kusukumana, kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja mvua ikinyesha. Jino la chonge la juu, upande wa kushoto, lilikosa nafasi likatokea juu huko kwenye ufizi. Akitafuna hujing'ata shavu. Akicheka huweka kiganja mdomoni. Fundi alidhani mtoto akikua, mdomo utakua, na meno yatajipanga. Hayakujipanga.

Ndipo akampeleka kwa daktari wa kupanga meno, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, asiyerudia neno. Alimpiga picha mtoto, akachukua umbo la meno yake kwa kitu kama unga uliokandwa, akasema yatafungwa waya.

"Kwa muda gani?" Fundi akauliza.

"Mwaka na nusu. Labda miwili."

"Miwili? Daktari, gauni la bibi harusi mimi nalimaliza kwa siku tano, na shanga zake."

"Gauni halina damu, mama."

Fundi akaitikia kwa kichwa, lakini kuitikia kwake mimi nakujua. Si kukubali.

Vibati vidogo vikagandishwa, kimoja kwa kila jino, na waya ikapitishwa katikati. Siku nne za kwanza mtoto alikunywa uji na kula viazi vilivyopondwa, akitutazama sisi tunaotafuna kama tumemwibia. Waya ilimkwaruza shavu kwa ndani, tukapewa nta, unafinyanga kipande kama punje unakibandika pale panapochoma. Kisha yakaja masharti. Karanga, miwa na kutafuna barafu vikawa mwiko, maana vibati hubanduka. Mswaki kila baada ya kula, na kile kiburashi chembamba cha kupita chini ya waya, la sivyo siku waya zikitoka meno yatabaki na madoa. Fundi alisimamia hayo yote kama askari wa zamu.

Jirani yake, fundi viatu wa chumba cha pili, hakukosa la kusema. "Naona mwanao ameezekwa bati mdomoni."

"Na wewe lako linavuja," Fundi akamjibu. "Kafunge."

Ilipotimia miezi minane, daktari akaleta vimpira. Pete ndogo za mpira, ukiziangalia kwa mbali huzioni. Moja unaitundika kwenye ndoano ya jino la chonge, unaivuta hadi jino la nyuma la chini. Kimoja kila upande, mchana na usiku, unavua wakati wa kula, na kila siku unaweka vipya. Daktari alisema hivyo, akamwonyesha mtoto kwenye kioo, akawapa pakiti.

Hapa ndipo ufundi ulipomponza Fundi. Kuna watu wangepewa pakiti ile wakaisahau kabatini. Yeye alikwenda nayo dukani kwake, akatoa kimpira kimoja, akakivuta kwa vidole viwili kama anavyovuta lastiki ya kiunoni kabla hajainunua. Mkono wake umevuta lastiki miaka ishirini na mitano. Akasema, hiki kimelegea. Na kwake yeye dawa ya lastiki iliyolegea inajulikana: unaongeza ya pili kando yake, sketi haishuki tena.

"Huku kushoto vaa viwili," akamwambia bintiye. "Ndiko kulikobaki nyuma."

"Daktari alisema kimoja."

"Daktari hajawahi kushona. Tutamshangaza, utaona. Tutatoka kabla ya wakati."

Msidhani nitawaambia ule msemo wa haraka na baraka. Mnaujua. Fundi mwenyewe anaujua, ameudarizi kwenye vitambaa vya meza visivyohesabika.

Siku ya kwanza mtoto alilalamika jino linamuuma. Mama akasema ndiyo dalili kwamba linakwenda. Siku ya tano likamuuma akashindwa kula mkate. Siku ya tisa alikuja dukani kutoka shuleni, mkoba bado mgongoni, akasimama karibu na cherehani.

"Mama, jino linacheza."

"Linacheza vipi?"

"Kama la mtoto mdogo."

Fundi alitoa pini mdomoni. Akaligusa lile jino la chonge kwa ncha ya kidole, nalo likaenda mbele na kurudi. Aliyajua meno ya utotoni, yale yakitoka yana wadogo zao wanaofuata. Jino hili halikuwa na mdogo wake. Likitoka, limetoka, na mkono uliolitoa ni wake.

Alivivua vile vimpira vyote, kushoto na kulia, akavitia kwenye kopo la vifungo. Kisha akajitia hamnazo siku mbili nzima. Siyo kwamba hakuogopa. Aliogopa jino, lakini aliogopa pia kwenda kusimama mbele ya yule mwanamke mwembamba na kusema nilikuona hujui kazi. Mimi nilimwona anashona huku midomo imebana, na sikujua kwa nini. Siku ya pili alimpa mteja shati lenye mkono wa kulia umeshonwa kushoto. Fundi viatu akalishika shati lile, akaligeuzageuza.

"Hili ni la mtu anayetembea kinyumenyume?"

Fundi akalichukua shati akaanza kulifumua, na hapo hata fundi viatu akajua kuna jambo.

Kilichomnyanyua ni swali la bintiye. Asubuhi ya siku ya tatu, akipiga mswaki kwa upole kama anaosha yai, mtoto alisema, "Mama, jino likitoka, waya itashika nini?"

Saa nne duka lilikuwa limefungwa. Miaka yote ile halijawahi kufungwa saa nne.

Kwenye kiti, daktari aliligusa jino kwa vidole viwili, akaligonga taratibu kwa mpini wa kioo chake. Uso wake ukabadilika.

"Vimpira mnavaa kama nilivyosema?"

"Ndiyo, daktari," Fundi akasema.

Mtoto alikuwa ameachama mdomo, hawezi kusema kitu, akakodolea macho ile taa ya juu.

"Basi sielewi," daktari akasema. "Kwa kimoja tu, jino lisingelegea hivi. Lazima kuna ugonjwa kwenye mfupa. Itabidi nifungue waya zote, nimwandikie aende hospitali kubwa. Akirudi, tutaanza upya."

Fundi aliniambia kwamba neno lile la kuanza upya ndilo lililomgeuza. Mtoto atafunguliwa kila kitu, atapelekwa kutafutiwa ugonjwa asio nao, kwa sababu ya uongo wa neno moja. Akapiga moyo konde.

"Daktari. Ni viwili."

"Viwili nini?"

"Nilimvalisha viwili kushoto. Siku tisa. Niliona kimoja kinalegalega, nikataka tumalize mapema."

Daktari aliweka kioo chini. Fundi akangoja atukanwe, na angependa zaidi atukanwe. Yule mwanamke akavuta kigoda, akaketi.

"Umenisaidia sana kusema," akasema. "Sasa sikiliza, mama. Kimpira hakivuti jino peke yake. Jino limesimama ndani ya mfupa, na mfupa ni kitu hai. Ukivuta kidogo kidogo, mfupa unafungua njia mbele na kuziba nyuma. Ukivuta kwa nguvu unabana damu, mfupa haujijengi, na mzizi wenyewe unaweza kuliwa. Sikukupa kimoja kwa ubahili."

"Na huu umeliwa?"

"Tupige picha."

Walikaa kwenye benchi hili hili mlilokalia. Fundi alikuwa anakunja na kukunjua utepe wa kupimia, akipima goti lake, kisha goti la bintiye, kisha lake tena.

Walipoitwa, picha ilikuwa imetundikwa kwenye mwanga, meno yote na mizizi yake. Daktari akaonyesha kwa kalamu.

"Mzizi mzima. Umeufikisha karibu na shimo lakini haujaanguka. Wiki nne hakuna vimpira, hakuna kuligusa kwa kidole, wewe wala yeye. Jino lenye waya hulegea kidogo siku zote, hilo ni la kawaida, msiogope. Hili lilizidi tu. Litashika."

Fundi akaketi kwenye kigoda cha daktari bila kukaribishwa. Alicheka, machozi yakimtoka.

"Daktari," mtoto akasema, sasa hana tena kioo mdomoni, "mama yangu humaliza kila kitu Ijumaa."

"Mwambie mimi ni wa Jumatatu."

Kuanzia siku ile Fundi akawa mtu wa kuuliza, mpaka muuguzi akimwona anaingia anaketi kabisa. Kibati kikibanduka usiku nifanye nini? Nikikosa siku ya miadi, muda unaongezeka? Waya zikitoka ndiyo mwisho? Daktari akamjibu la mwisho kwamba siyo mwisho, meno yana ubishi, hurudi yalikotoka, kwa hiyo mtoto atalala na kifaa cha plastiki mdomoni miaka mingi baada ya waya kutoka. Fundi akashusha pumzi. Akasema sawa. Hakusema labda tupunguze.

Wiki nne zilipotimia, daktari aliligonga jino la chonge kwa mpini wa kioo. Akalishika kwa vidole, akalisukuma huku, akalisukuma kule. Halikwenda popote.

"Limeshika," akasema.

Walirudi kwa miguu, na mwanangu alilala mchana ule mpaka wateja wakaja kugonga mlango wa nyumbani. Niliwafukuza.

Sasa wewe uliye kwenye benchi. Liko jambo umefanya kwenye mdomo wa mtoto wako, au kwenye wako, na daktari halijui. Umekata waya kwa mkasi wa kucha, umeruka miadi, umempa miwa. Ukiitwa, liseme kabla hujaulizwa. Nyuma ya karatasi hii nimeacha patupu makusudi. Ukitoka ndani uandike hapo ulichokiri, na usipojua kuandika, mwambie muuguzi akuandikie. Nitakuja kusoma.